Faida ya Saa Nne, Deni la Saa Tatu Usiku

Kwenye mwimo wa mlango wetu wa jikoni kuna mistari kumi na mmoja ya penseli. Kando ya kila mstari kuna tarehe, urefu na kilo. Mgeni akiiona hutabasamu, hudhani ni mapenzi tu ya mama anayemtazama mwanawe akirefuka. Mapenzi yapo, lakini mistari ile ilianza kwa maagizo ya daktari. Mwanangu anatumia dawa ya ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kushika makini, na mojawapo ya mambo ambayo dawa ile huweza kufanya ni kumpunguzia mtoto kasi ya kukua. Kwa hiyo kila baada ya miezi miwili hivi huvua viatu, huegemeza visigino mwimoni, nami namlazia atlasi ya dadake kichwani, kwa kuwa ina jalada gumu, nachora.

Alianza akiwa na miaka minane, sasa ana kumi. Naandika haya kwa sababu haipiti wiki bila mzazi mmoja kuniuliza, kwa simu au langoni mwa shule, swali lile lile: hii dawa ni nzuri au ni mbaya? Nikianza kujibu naona macho yake yanachoka, maana anataka neno moja. Neno moja sina. Nilichogundua ni kwamba faida ya dawa hii na madhara yake havitokei saa moja wala havionwi na mtu mmoja. Anayefurahi ni mwalimu, saa nne asubuhi. Anayelipa ni mama, saa tatu usiku. Na anayemeza ni mtu mwingine kabisa, ambaye kwa muda mrefu hatukumuuliza.

Kabla ya daktari alikuwa na majina mengi. Mtundu. Mkorofi. Hasikii. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba ana akili ila hataki kuzitumia, sentensi ambayo nimeikuta kwenye ripoti za watoto wengi wa aina yake, utadhani walimu wote huinakili mahali pamoja. Mavyaa wangu alisema kapigwa jicho, na ushahidi alikuwa nao: alipokuwa mchanga alikuwa mnene wa kupendeza, na watu walimsifu bila kusema mashallah. Likaletwa kombe. Nilimpa. Aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa asubuhi tatu mfululizo, akasema ni tamu. Sioni haya kulisema hili. Daktari nilipomwambia baadaye aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kuandika.

Kilichonipeleka kwa daktari si ripoti ya shule. Ni tuktuk. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, nimemshika mkono, nikauachia nitoe nauli mkobani. Ng'ambo ya pili tiara ilikuwa inapepea juu ya mapaa. Akaenda. Hakukimbia kama mtoto mkaidi anavyokimbia huku akikutazama nyuma. Alikwenda kama vile barabara haipo. Dereva alifunga breki hadi gurudumu la mbele likapinda upande, abiria akatoa kichwa akanitukana mimi, na haki alikuwa nayo. Mtoto alikuwa ng'ambo, anatazama juu.

Nimelitaja mapema kwa sababu watu wanapopima hatari za dawa huiweka dawa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili hawaweki kitu, utadhani kumwacha mtoto bila dawa ni bure.

Daktari alitupa muda kuliko nilivyotarajia. Kikao cha kwanza hakutaja dawa kabisa. Aliuliza: anakoroma? Anasikia vizuri? Macho yamepimwa? Kuna wakati huduwaa sekunde chache, amekodoa, kisha akaendelea kama hakukutokea kitu? Hilo la mwisho ni kwa sababu kiko kifafa kisichomwangusha mtu wala kumtikisa, na mwenye nacho darasani huonekana kama anayeota mchana. Mtoto asiyelala vizuri kwa ajili ya nyama za puani naye huwa mtukutu mchana. Mwenye upungufu wa damu hashiki masomo. Aliyeona mambo mazito nyumbani hatulii, na huyo hatibiwi kwa tembe. Tulipewa fomu mbili, moja yetu na moja ya mwalimu, kwa kuwa dalili sharti zionekane zaidi ya mahali pamoja, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12.

Kisha akauliza: amezaliwa mwezi gani? Novemba, nikasema. Akaandika, akapigia mstari. Nilidhani ni mambo ya nyota.

Kumbe mwaka 2012 watafiti wa British Columbia, Kanada, walichapisha hesabu ya watoto zaidi ya 900,000. Huko watoto hupangwa madarasa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo wa Desemba ndiye mdogo kuliko wote na wa Januari ndiye mkubwa. Wavulana wa Desemba walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi wa kuambiwa wana ADHD kuliko wa Januari. Yaani baadhi ya hao wagonjwa ugonjwa wao ulikuwa utoto tu, kulinganishwa na mwenzao aliyewatangulia kwa karibu mwaka mzima. Wangu naye alikuwa miongoni mwa wadogo wa darasa lake. Daktari akatwambia tungoje muhula mmoja, akatupa ya kufanya: kiti cha mbele, agizo moja kwa wakati, kazi fupi fupi, kulala saa ile ile kila siku. Tulifanya. Yalisaidia kidogo. Muhula ukaisha, bado anarudi na daftari lenye tarehe na kichwa cha somo, basi.

Dawa ya kwanza ilikuwa methilfenideti ya muda mfupi, miligramu 5, kisha 10, asubuhi na adhuhuri. Wengi huijua kwa jina la Ritalin. (Jina hilo lina kisa chake. Mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, huko Basel, Uswisi, aliitengeneza mwaka 1944. Mkewe Marguerite, kwa kifupi Rita, akawa anaimeza kabla ya kucheza tenisi. Najua kisa hiki hakimsaidii mtu kuamua lolote, ila mimi kilinipunguzia hofu.) Dawa hii huzuia dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo seli za ubongo hupashana habari kwazo, zisirudishwe haraka ndani ya seli za ubongo, zikabaki kazini muda mrefu zaidi. Ndiyo maana dawa ya kuchangamsha huweza kumtuliza mtoto: inayochangamka zaidi ni sehemu ya mbele ya ubongo, ile yenye kushika breki.

Siku ya nne mwalimu alinipigia simu saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Moyo ulinipasuka, kwa kuwa simu za saa nne nilizijua.

"Mama, umemfanya nini huyu mtoto?"

Nikanyamaza.

"Amenakili ubao wote."

Jioni nilifungua daftari. Ukurasa mzima wa sayansi, sehemu za mmea, mzizi umepakwa rangi ya kahawia bila kutoka nje ya mstari. Chini kabisa aliandika jina lake mara mbili. Nililia palepale jikoni, kitunguu kikanisitiri.

Kwa dalili zenyewe, faida hii haina ubishi mkubwa. Mwaka 2018 Samuele Cortese na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet Psychiatry kazi iliyojumlisha majaribio 133, na kwa kipimo cha wiki 12 hivi methilfenideti ilitoka kuwa chaguo la kwanza kwa watoto, na amfetamini, kichangamshi kingine, kwa watu wazima. Wiki 12. Namba hiyo ikae kando kwanza.

Tembe ya muda mfupi hufanya kazi kwa saa nne hivi. Ya asubuhi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Ya adhuhuri ilikaa kwa mwalimu kwenye bahasha, na siku nyingine ilisahaulika. Ikimezwa, nguvu zake zilikuwa zikiisha saa kumi, saa hasa anapoketi kwenye mkeka wa madrasa. Na dawa hii ikiondoka haiondoki kwa adabu. Mtoto hurudi alikokuwa kwa kishindo, hasira juu juu, machozi karibu, miguu haitulii. Mwalimu wa shule akawa anasifu, maalim akawa anashtaki. "Shuleni mwampeleka yeye," aliniambia maalim kwa upole, "huku kwetu mwatuletea pacha wake."

Tukahamia ya muda mrefu, Concerta ya miligramu 18. Ile ni mtambo mdogo: ganda gumu lenye tundu, maji ya tumboni huingia ndani yake na kuisukuma dawa itoke kidogo kidogo kwa muda wa saa 12 hivi. Ganda lenyewe haliyeyuki, hutoka lilivyoingia. Sikuwa nalijua hilo, na asubuhi moja kijana alikuja mbio kutoka chooni kuniambia dawa haikufanya kazi, imetoka nzima. Kwa sababu hiyo hiyo haikatwi wala haisagwi. Shangazi yake alishika kisu aikate nusu ili itufae siku nyingi, nia njema ya mtu anayejua bei yake, nikamdaka mkono. Ukiikata, dawa ya siku nzima humwagika kwa pamoja.

Maalim akanyamaza. Deni likahama, likaja kwangu. Chakula cha mchana kilirudi kama nilivyokifunga, chapati imekunjwa, maharagwe yameganda juu. Saa kumi na moja jioni hataki mahamri, mtoto ambaye zamani alikula matano huku jicho liko kwenye la sita. Saa mbili usiku njaa inafunguka kama mfereji uliokatwa maji siku tatu: anakula wali, anakula ndizi, anataka mkate. Saa tatu yuko macho. Saa nne yuko macho, ananiuliza kama nyangumi hulala. Miezi miwili ya kwanza alipungua kilo moja na robo. Kwa mtoto wa kilo 25 si haba. Mbavu ziliniambia kabla ya mizani.

Tulihangaika. Uji wa maziwa na siagi ya njugu kabla ya tembe, si baada yake. Tembe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si saa moja na nusu, ili usiku nao usogee mapema. Chakula kikubwa usiku, bila kumgombeza kwamba mchana hakula. Kilo zikarudi. Urefu ndio ambao bado nautazama kwa jicho la pili.

Marekani kuna utafiti mkubwa uitwao MTA, ulioanza miaka ya 1990 kwa watoto 579 wa miaka 7 hadi 9. Baada ya miaka mitatu, walioanza dawa ndani ya utafiti walikuwa wameongezeka sentimita 2 na kilo 2.7 pungufu ya wasioitumia. Walipofuatiliwa hadi utu uzima, ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha waliotumia, iwe mfululizo au kwa kukatiza, ni wafupi kwa sentimita 2.55 kuliko ambao hawakuitumia au waliigusa kidogo tu. Nilimsomea babake. Akapima kwa kidole gumba hewani. "Mimi mwenyewe mfupi," akasema, "na mke nikapata."

Utafiti huo una jambo jingine, na ndilo linalonirudisha kwenye zile wiki 12. Kwa miezi 14 ya kwanza, waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walipunguza dalili kuliko waliopewa mafunzo ya tabia peke yake. Walipopimwa tena baada ya miaka mitatu, tofauti baina ya makundi ilikuwa imetoweka. Wako wanaosoma hapo kwamba dawa haifai, nami naona wanasoma haraka, kwani baada ya miezi ile 14 kila familia ilishika njia yake, wengine wakaacha, wengine wakaanza. Ila hata mimi ninayeiamini dawa sina ruhusa ya kuuchukua ukurasa ule wa sehemu za mmea nikaufanya cheti cha chuo kikuu.

Sasa kakangu. Kakangu hula miraa. Ijumaa jioni yuko barazani na wenzake, bunda katikati, chingamu shavuni, njugu kwenye kipande cha gazeti. Siku aliyosikia tunampa mtoto dawa ya kuchangamsha alicheka hadi akapaliwa. "Mwanipigia kelele mimi," akasema, "kumbe nyinyi mwampa mtoto miraa ya hospitali."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kusoma, nikakuta hakukosea sana. Miraa ina kathinoni, kemikali iliyotambuliwa katika maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, na umbo lake linakaribiana mno na la amfetamini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 umeiweka kathinoni jedwali la kwanza, lile lenye masharti makali zaidi, amfetamini na methilfenideti jedwali la pili. Majani yenyewe kila nchi ina lake: Uingereza waliyapiga marufuku mwaka 2014, Tanzania mirungi ni jinai, kwetu Kenya ni zao linalotambuliwa na sheria, na Mei 2024 gavana wetu wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipoipiga marufuku muguka, aina mojawapo ya miraa, mzozo ulifika mahakamani hadi Ikulu. Matibabu yenyewe yalianzia kwenye amfetamini. Mwaka 1937, huko Rhode Island, Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa amfetamini iitwayo Benzedrine watoto 30 waliokuwa chini yake. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitafuta cha kuwaondolea maumivu ya kichwa yaliyowapata baada ya kipimo cha ubongo. Maumivu hayakuondoka sana, lakini 14 kati yao waligeuka darasani kwa namna ya kustaajabisha, na watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu.

Ikiwa ukoo ni mmoja, tofauti iko wapi? Iko kwenye mwendo. Nora Volkow, mzaliwa wa Mexico, na wenzake walipiga picha za ubongo katika miaka ya 1990, wakaonyesha kwamba methilfenideti ikimezwa kwa kipimo cha kawaida huziba zaidi ya nusu ya milango inayoirudisha dopamini ndani ya seli. Nusu si kidogo. Lakini huifikia hiyo nusu polepole, kwa kama saa nzima, na kinacholevya hasa ni kuingia kwa ghafla, kama mtu anapoivuta puani au kujidunga. Kakangu anaitafuta handasi, ile raha ya miraa, anaikalia saa tano kuipandisha na kuishikilia. Mwanangu akimeza hapati raha yoyote ya kusimulia. Ila tembe ile ile mikononi mwa kijana wa miaka kumi na minane anayeisaga ni kitu kingine, na ndiyo sababu mwaka 2023 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitaka dawa zote za kundi hili ziandikwe onyo kali kuhusu kutumiwa ovyo na kugawiwa wengine. Kwetu chupa iko kabatini juu, na ufunguo ninao mimi.

Nilitaka kujua pia kama tunamfundisha uraibu. Mwaka 2013 zilijumlishwa tafiti 15 zilizofuatilia watoto kwa miaka, ikaonekana waliotibiwa kwa vichangamshi hawakuingia kwenye ulevi na uraibu zaidi, wala pungufu, kuliko wenzao wenye ADHD ambao hawakutibiwa. Nilimpelekea kakangu habari hiyo pale pale barazani, mbele ya wenzake. Akafikiri. "Basi nami niandikie," akasema.

Moyo ulinitia hofu kuliko uraibu, kwa kuwa mkwe wangu, babu yake mtoto, presha ndiyo iliyomwondoa. Vichangamshi hupandisha mapigo ya moyo na presha, kwa wengi kidogo tu. Kabla ya tembe ya kwanza daktari aliuliza kama kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana katika ukoo, kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, akamsikiliza kifua, akampima. Mwaka 2011 ulichapishwa Marekani utafiti wa watoto na vijana milioni 1.2, haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo vya ghafla vya moyo. Nikapumua. Mwishoni mwa 2023 Wasweden wakatoa wao, kutoka kundi la watu zaidi ya 278,000 waliofuatiliwa hadi miaka 14: kila mwaka wa kutumia dawa ulikwenda na ongezeko la asilimia 4 hivi la uwezekano wa maradhi ya moyo na mishipa, hasa presha. Ukisoma haraka utadhani zinapingana. Wa kwanza ulitafuta ajali ya ghafla, wa pili ulitafuta kutu. Kwa mtoto wa ukoo wa presha, kutu nayo inanihusu, kwa hiyo mapigo na presha vina safu yao kwenye daftari langu.

Hao hao Wasweden wana ya upande wa pili wa mizani. Mwaka 2012 walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 25,000 wenye ADHD, wakimlinganisha kila mtu na nafsi yake, nyakati anazotumia dawa na nyakati asizotumia. Nyakati za dawa, makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake. Na mwaka 2024 wakaonyesha kwamba walioanza dawa walikufa wachache kuliko wasioanza katika miaka miwili iliyofuata, na tofauti ilikuwa hasa kwenye vifo visivyo vya maradhi, kama ajali na sumu. Niliposoma hapo niliiona ile tuktuk, gurudumu limepinda.

Iko hatari nyingine, ni nadra, naipitia mbio: kuona au kusikia visivyokuwepo. Utafiti wa 2019 wa vijana wa miaka 13 hadi 25 ulihesabu kama mmoja kati ya 660 walioanza vichangamshi, waliotumia amfetamini zaidi ya waliotumia methilfenideti. Ikitokea, tembe ya kesho haimezwi na daktari hupigiwa simu usiku huo huo.

Kuipata ni safari nyingine. Duka la kwanza hawana, la pili wanayo ya miligramu 36 tu, la tatu wanakutazama kama umekuja kuiba. Kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa mwaka 2019, na tena 2021, kuiingiza methilfenideti katika orodha ya dawa muhimu, kwa kuwa haikuridhika na ushahidi uliopo. Nusu ya moyo wangu inawaelewa. Nusu ya pili ni ile iliyokaa mwezi mzima ikigawa tembe tisa kwa siku za mtihani tu. Na tulipokwenda kwa dadangu Sharjah ilibidi tuombe kibali cha wizara yao ya afya kabla ya kupanda ndege, barua ya daktari mkononi.

Ramadhani ilikuja na hesabu zake. Haijamlazimu, lakini alitaka kufunga kama wenzake, hata hadi adhuhuri. Tembe ikawa ya daku, na kwa mara ya kwanza kukosa hamu ya chakula kulikuwa na kazi. Lakini maji ndiyo shida, na joto la Mombasa mnalijua. Siku ya tatu kichwa kilimuuma hadi akatapika. Daktari akasema achague, saumu au dawa, asivichanganye hadi akue. Alichagua saumu. Maalim akarudishiwa pacha wake mwezi mzima, akavumilia, Mungu amjaze.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza yeye mwenyewe kuchagua kitu kuhusu dawa yake. Mwalimu alikuwa ameulizwa kwa fomu. Maalim alikuwa amesikilizwa. Baba, shangazi, bibi, hata baraza la miraa, kila mmoja alishatoa rai. Baada ya Idi nilimkalisha, nikamuuliza ikoje. Akafikiri, akasema: "Nikiimeza, kichwa kinakuwa kama redio yenye stesheni moja." Nikafurahi. Akaongeza: "Lakini vichekesho vinaniisha."

Nilijua anasema nini. Muhula uliotangulia daktari alikuwa amempandisha hadi 27. Mwalimu aliipenda ile ya 27 kuliko zote. Mtoto anakaa, anaandika, hasumbui. Nyumbani alikaa pia. Alikaa mezani kama mgeni aliyekuja kungoja mtu. Dadake akamwambia kitendawili, akajibu "tega", akasikiliza, akasema hajui, akaomba kwenda chumbani. Mtoto ambaye vitendawili huwa anavijibu kabla hujamaliza kutega. Nilimweleza daktari, akatikisa kichwa mwenyewe, tukarudi 18. Mwalimu alihuzunika. Bado hunikumbusha.

Likizo ya Agosti tunampumzisha, kwa ushauri wa daktari, ale na arefuke. Hutoka asubuhi kwenda uwanjani, hurudi magharibi mwekundu wa vumbi. Mwaka huu wamempa lango, kwa sababu hakuna mwingine anayelitaka. Jioni moja alirudi mapema, amenuna. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa Moi, akaitazama hadi magurudumu yakatoka, na mpira ukapita katikati ya miguu yake. La tatu siku hiyo. Wamemwambia kesho asije.

Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, mgongo ameuegemeza kwenye mistari yake, anakula ndizi.

"Mama," akasema, "ile dawa ni ya shule tu?"

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni, la ndiyo na la hapana, na yote mawili nilihisi yana uongo ndani yake. Nikamwambia tutamuuliza daktari. Akaniambia niandike nisije nikasahau. Nikachukua daftari, na chini ya kilo 29.4 na sentimita 134.5 nikaliandika swali lake kama alivyolisema. Aliinama kuhakikisha, ndizi mkononi, akasoma kwa sauti, kisha akanionyesha kwa kidole mahali pa kuongeza neno "mpira".